Ganda Lililodondoka Kanisani

Watengeneza vifaa vya kulenga shabaha, nawasihi: lini mtatuletea kifuko kinachodaka maganda yote ya risasi?

Jana nilikuwa kwenye klabu ya shabaha, nalenga. Kumbe ganda moja liliruka likaingia kwenye kofia ya koti langu!

Leo kanisani, Mama Furaha, jirani yangu kutoka Kongo, akaninyooshea kofia ya koti.

Ti! Sakafuni.

Akaliokota.

“Mwanangu, vita imefika na huku?”

“Hapana, mama! Ni mchezo tu, nina leseni. Maganda nayaokota, nayajaza baruti upya.”

Akanitazama.

“Sisi tuliomba risasi ziishe. Wewe unazijaza tena?”

Jamani, mngemjibu nini?

Ganda bado analo. Sithubutu kumwomba.