Vitenzi Vinne vya Mama

Siku ile hunirudia, mjukuu wangu, kila unaponisomea daftari lako la Kiingereza ulilotoka nalo shuleni Kigoma: nomino, kitenzi, irabu, silabi. Soma tu, usiache. Majina hayo ya maneno niliyajua kabla baba yako hajazaliwa, hapa hapa Rumonge, wakati wa Wadachi, wale Wajerumani.

Alikuja Mzungu mmoja, si askari, mtu wa vitabu. Alitaka kuandika maneno ya wavuvi wa ziwa letu. Mimi nilijua kuandika kidogo, nikawa karani wake. Alinifundisha kwamba neno linalotaja kitu lina jina lake, linalotaja tendo lina lake, na kwamba hata sauti zilizo ndani ya neno zina aina zake. Nililewa, mwanangu. Mtu akinisalimu, nilipanga maneno yake mafungu mafungu badala ya kuitika. Wavuvi walinicheka: "Huyu iko navua maneno! Jioni tutakula nini?"

Mama aliugua malale. Asubuhi moja, baada ya siku nyingi za usingizi, alifumbua macho akaanza kunipa wasia. Kwetu, mzazi akitoa wasia, mtoto humshika mkono na kuitikia kila neno, ili mzazi ajue limefika. Mkono wangu ulikuwa na kalamu. Mzungu alikuwa anasafiri mchana ule kwenda Ujiji, na mama alikuwa na maneno ya zamani ambayo hatukuwa nayo daftarini. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nikawa nakimbizana na irabu, napigia vitenzi mstari.

"Unanisikia?" aliniuliza.

"Sema tu, mama, naandika."

Akanyoosha mkono juu ya mkeka. Ukakaa pale peke yake.

Mchana nilimkabidhi Mzungu daftari, akaondoka nalo. Mama akalala tena. Alfajiri alikuwa amekufa.

Dada yangu Mariamu alifika kutoka Minago. "Mama alisema tumzike wapi? Na mimi, aliniachia neno gani?"

"Alitaja mahali pamoja. Na jina lako, mara mbili. Vitenzi vilikuwa vinne."

"Mahali gani?"

"Sijui. Niliandika."

"Mutoto wa mama yangu," alisema, "umemuhesabu mama kama samaki."

Tulimzika pale tulipoweza. Mzungu hakurudi, wala daftari. Mariamu naye ameshakufa, bila kujua.

Sikuambii uache shule. Jifunze majina yote ya maneno, ya Kiingereza na ya kwetu. Lakini mtu wako akisema nawe, weka kalamu chini, mshike mkono, itikia. Utaandika baadaye, na ukisahau nusu, utakuwa umebaki na mengi kuliko mimi.

Mungu akupe masikio yanayotangulia kalamu. Na siku yangu ikifika, mkono wako aujalie uwe mtupu, ndani ya wangu.