Joho la Kwaya na Jiko la Mkaa

Aibu yangu hii Lushoto bado haijasahaulika, kila nikirudi likizo kuna mtu atachungulia dirishani kwetu kwanza ndipo abishe hodi, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia hadithi ya kina mama wa jumuiya (yao ina mapepo).

Nilikuwa nakaribia kwenda chuo, Dodoma. Mimi nilitaka kupanga chumba, mama alitaka nikakae kwa mjomba, ambaye geti lake hufungwa jua likizama na televisheni yake ni ya taarifa ya habari tu. Tukakubaliana: mama aende Mombo kwa dada yake siku chache, mimi nibaki peke yangu. Akirudi akakuta nyumba inaeleweka, nitapanga. Akikuta kituko, kwa mjomba.

Nikajiona mkubwa. Alipokaribia kurudi nikaamua kufua kila kitu kwa mpigo, mashuka, mapazia, nguo zangu zote, ili akiingia uani aone kamba imejaa ajue mtoto kakomaa. Kufua kila kitu mwezi wa saba, kwetu, ambako wakati huo, kwa baridi na ukungu, suruali ya jinzi inaweza kumaliza wiki kambani na bado ukiikamua inatoa maji. Siku ya mama kurudi nguo zote zilikuwa zinachuruzika, na mimi nimevaa joho lake la kwaya, maana ndicho kitu pekee kilichokuwa kikavu.

Basi nikaingiza jiko la mkaa chumbani, nikatundika nguo kulizunguka, nikafunga mlango na dirisha ili joto lisitoke. Nikajilaza kitandani, najisifu.

Kichwa kikaanza kugonga, nikadhani ni njaa. Nilipotaka kuinuka miguu ikakataa. Hapo niliogopa, jamani, woga ambao sikuwahi kuujua: mlango unauona, uko palepale, na mwili haukusikii. Nikamwita mama, sauti haikutoka. Nikawaza atakavyonikuta, na joho lake nimelivaa. Nikajiangusha sakafuni, nikatambaa, kitasa kikanishinda, nikakirudia huku nalia, mlango ukafunguka nikatokea uani kwa magoti na kutapika.

Na hapo hapo kina mama wa jumuiya wanaingia, kwani siku hiyo ibada ilikuwa kwetu (mama alinikumbusha, nikasahau). Wakakuta binti anatambaa kwenye ukungu na joho la kwaya, macho mekundu. Mama Ester, mwenyekiti wao, akanikamata kichwa akaanza kukemea, wenzake wakadakia, majirani wakajaa uani. Ulimi ulikuwa mzito, nikanyoosha kidole kuelekea chumbani, wote wakarudi nyuma. Nikazidi kuogopa, maana niliona nitafia pale nikiombewa kitu kingine kabisa.

Mwishowe Mama Ester akajikaza, akaingia. Alitoka anakohoa, amebeba jiko kwa upindo wa kitenge, akaliweka chini. Maombi yakaisha hapohapo.

Mama alifika nimefunikwa vitenge vya watu, nakunywa maziwa. Wakamweleza wote kwa pamoja, na wote kwa pamoja wakashauri nipelekwe kwa mjomba. Mama akawapita. Alichuchumaa, akaniwekea mkono kifuani kusikia kama napumua.

"Ulidhani utakufa?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

Akawageukia wenzake. "Kilichokuwa kinanitia wasiwasi ni kwamba huyu alikuwa haogopi kitu. Sasa anaogopa. Ataenda kupanga."

Ndivyo nilivyopata chumba changu. Jiko nimeliweka nje, mbu wananimaliza na dirisha silifungi, na nimeapa sitalifunga. Kila jioni mama anapiga simu, haulizi nimekula nini wala nimesoma nini. Anauliza dirisha. Nikichelewa kupokea, namkuta analia.