Mstari Ambao Hamdani Aliambiwa Autoe

Saa nne asubuhi, kwenye gati la boti la Kibirizi mjini Kigoma kumechangamka. Wapagazi wanapishana na magunia ya dagaa, mashine za boti zinakohoa, na sauti ya Hamdani Mikidadi inapita juu ya yote.

"Mtanga, Mwamgongo, Kagunga! Panda mama, nafasi ipo."

Nafasi yenyewe haipo. Abiria wanajua, naye anajua kuwa wanajua, lakini mpiga debe hatakiwi kuonyesha shaka. Shaka zake huanza boti ikishaondoka.

"Kutwa nzima nawaambia watu pa kwenda, mimi mwenyewe sijui naelekea wapi," anasema kijana huyu wa miaka ishirini na saba. "Nikilala, makelele yote ya mji yanahamia kichwani."

Alitoka Ilagala miaka sita iliyopita ili aimbe. Kigoma ikamwonyesha kuwa waimbaji ni wengi kama dagaa. Kuita abiria kunampa shilingi elfu nane siku ikiwa njema, na kunamla sauti.

Mwezi uliopita alirekodi wimbo wake wa kwanza. Ndani yake kuna mstari huu: "Mji unanipita mbio, naogopa sifai." Mwenye studio akataka utolewe. Mwanaume hasemi anaogopa, alimwambia, na watu wanataka kucheza.

Hamdani alikubali palepale, kisha usingizi ukamkimbia.

Jumatatu iliyopita mashine ya boti iligoma, abiria wakaanza kununa. Ili kuwatuliza, akauimba wimbo ule kwenye kipaza sauti cha kuitia abiria, mstari ukiwamo. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Aliona aibu mpaka akatamani ardhi ipasuke.

Ndipo Mwanvua, mchuuzi wa dagaa kutoka Mwamgongo ambaye kwa kubishania bei hana mpinzani, akamsogelea.

"Baba, hebu rudia pale pa kuogopa," alimwambia. "Mie kila nikishuka mjini hapa na mzigo wangu najiona hivyohivyo. Nilidhani nina wazimu peke yangu."

Akarudia. Safari hii wanawake waliokalia magunia yao wakaitikia, taratibu, bila kutazamana.

Kesho Hamdani anarudi studio kumwambia mwenye studio kwamba mstari hautoki. Hana fedha za kwenda studio nyingine, na usiku kucha amekuwa akijiuliza kama hajipotezei bahati.

"Akikataa, nitauimba hapahapa mpaka nipate pengine," anasema. "Sijaacha kuogopa, ndugu. Nitauimba huku naogopa."