Bomba la Moshi la Yule Mfaransa

Nilikuwa mlinzi wa karakana moja Al Quoz, Dubai, iliyotengeneza vitu vya maonyesho kwa ajili ya maduka makubwa. Mwaka huo waliunda mfano wa chombo cha kale cha angani: puto refu lenye umbo la kiazi kitamu, na chini yake jukwaa la mbao lenye injini ya mvuke. Fundi wake, mzee wa Kerala, India, aliniambia kuwa Mfaransa aliyekivumbua alichoka kupelekwa na upepo, ndipo akalifungia puto injini ili aliongoze mwenyewe. Sikumwamini sana. Huko Dubai sikumwamini mtu yeyote.

Kwenye zamu tulikuwa na desturi: anayeingia hukagua kila kitu, na kikikosekana kitu ni juu ya anayetoka. Jioni moja nilipokea puto likiwa chini ya turubai, nikasaini bila kulifunua. Asubuhi mafundi wakalifunua. Mwenzangu aliyekuja kunipokea zamu, Mkenya kama mimi, tuliyelala naye chumba kimoja mtaa wa Karama, akalizunguka kisha akasimama.

"Na bomba la moshi?"

Nikatazama. Boila ilikuwepo, juu yake hakuna kitu. Sote wawili tulikulia karibu na viwanda vya majani chai, na kwetu boila ni ile yenye bomba refu linalotazama mbinguni. Kisha nikamtazama yeye. Mbona kaenda moja kwa moja pale? Mkataba wangu ulikuwa ukingoni, na kaka yake alikuwa nyumbani akitafuta nafasi kama yangu.

Akamwita msimamizi, naye mtu wa huko huko kwenye chai, naye hakuona bomba.

"Fungua hiyo begi," msimamizi akaniambia. "Usinipee story. Kama umeuza hiyo bomba ya shaba, wiki hii unarudi home."

Nikamwaga vyote sakafuni mbele ya mafundi: sweta, sufuria, unga niliofunga kwenye soksi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na hasira ikazidi aibu.

Mzee wa Kerala akaja kuuliza kuna nini. Akapiga magoti, akatuambia tuiname. Bomba lilikuwa pale, limekunjwa kutoka kwenye tanuri, likitazama chini.

"Humo juu kuna gesi inayoshika moto," akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Yule bwana alipaa na makaa yanayowaka. Cheche moja ingepanda, khalas, kwisha."

Msimamizi akacheka. "Sawa, pole. Yalla, enda ulale." Mwenzangu hakucheka. Aliniokotea sufuria.

Ijumaa tulikuwa mapumzikoni wote wawili. Alinipikia chai, akaniomba nisimfikirie vibaya, kwamba alifuata desturi tu. Labda alisema kweli. Nilikunywa, nikamshukuru, na alipokwenda kuoga nikatia begi langu kufuli.

Aliporudi aliliona kufuli, akaanika taulo lake. Wiki iliyofuata begi lake nalo lilikuwa na kufuli.