Bei ya Mashine ya Mjomba

Mjomba wangu hakulipwa mafao. Alilipwa mashine ya kamari. Alikuwa mhudumu wa baa kwenye klabu ya shamba la mkonge, na shamba lilipofungwa meneja alimwita akamwambia pesa hakuna, achukue ile mashine ya chuma ya kuvuta kwa mkono iliyokuwa pale kaunta, itamfaa kuliko mshahara. Wanaume waliipandisha mlimani hadi kijijini kwake Kinole, wakiwa wameifunga kwenye mti walioubeba mabegani. Hakuna aliyeicheza hata mara moja. Mkewe alisema kamari hailali ndani ya nyumba yake, ikawekwa stoo pamoja na magunia ya karafuu na iliki.

Tangu hapo nyumba ile iliishi kwa sentensi moja: meneja alitudhulumu. Binamu zangu waliacha shule kwa sababu meneja aliwadhulumu. Bati lilivuja kwa sababu hiyohiyo. Nilikua nikiisikia, na niliiamini.

Mwaka jana mjomba alinipigia simu. Anajua kazi yangu ni kuuliza watu maswali na kuandika majibu.

"Nitafutie bei yake," alisema. "Si kwamba nina haraka ya kuuza. Nataka kujua kama yule mtu alinidhulumu kweli, kabla sijafa."

Nilimpata mnunuzi mmoja Dar es Salaam, mtu wa gramafoni, saa za ukutani na mashine kama hizi, ambazo huwauzia wanaozipanga sebuleni. Alinielekeza vya kupiga picha: namba iliyogongwa mgongoni, magurudumu yenye michoro ya matunda, tundu la sarafu, na rangi ya mwanzo. Nikapanda Kinole. Mjomba alinishikia tochi, akifuta vumbi kabla ya kila picha.

Stoo hakushiki mtandao, kwa hiyo nilienda nyuma ya msikiti kutuma. Jibu lilikuja kwa ujumbe wa sauti.

"Dada, mashine ni yenyewe kabisa. Ingekuwa na rangi yake ya kuzaliwa, leo hii ningekupa milioni nne na gari la kuibeba nalipia mimi. Sasa nani kaipaka rangi ya geti? Mmeiua! Natoa laki na nusu, tena kwa ajili ya springi tu."

Nikamuuliza kama rangi inaweza kukwanguliwa.

"Ukikwangua, hata hiyo laki sitoi."

Aliyeipaka nilimjua. Kila Idi ikikaribia mjomba alinunua kopo la rangi ya kijani, akapaka mlango wa mbele, na iliyobaki akaipaka mashine. Mali isiyotunzwa haiuziki, alikuwa akisema. Kwetu hakuna anayeuza kitanda, baiskeli wala nyumba kabla ya kuipitishia brashi.

Nikarudi nikamweleza kwa mpangilio, kama ninavyoandika: bei ya leo, bei ambayo ingekuwa, sababu. Akakaa juu ya gunia.

"Kwa hiyo hakunidhulumu."

"Alichokupa kilikuwa na thamani, mjomba."

"Nimeila mwenyewe. Kwa brashi."

Mkewe alikuwa mlangoni na ungo wa iliki. "Mtu akikulipa mbegu badala ya unga," alisema, "asikwambie ni mbegu, wewe ukasaga ukasonga ugali, mwizi nani?"

"Ningemuuliza angeniambia."

"Mshahara si ulimuuliza? Alikwambia nini?"

Mjomba alikuwa akiitazama ile kijani, iliyokuwa imeganda kwa matabaka hadi kwenye michoro ya maua ya chuma.

Asubuhi alinisindikiza hadi kwenye bodaboda.

"Vijana wangu watakuuliza huko kwenu mjini, Mafiga. Waambie bei, ile ndogo. Ya rangi yaache."

"Watamlaani mtu wa watu, mjomba."

"Wameshazoea. Wakimwacha yule, watahamia kwangu."

Jioni hiyohiyo binamu zangu wakaja kwangu wote wawili, hata kukaa hawajakaa. Nikawatajia.

"Laki na nusu!" Mkubwa akapiga paja. "Si nilisema? Mbwa yule!"

"Ujana wote wa mzee," mdogo wake akasema, "kalipwa springi."

Wakaendelea kumtukana meneja kwa maneno yaleyale ya utotoni, wakipokezana, huku mimi nikimimina chai. Kisha mkubwa akanigeukia.

"Lakini umehakikisha, dada? Maana wewe ndiyo kazi yako."

Nikasema nimehakikisha.