Mtaalamu wa Ushirikiano

Dk. Ilangovan ameandika makala thelathini na moja kuhusu ushirikiano, na zote kaziandika peke yake. Mimi ni fundi wa maabara yake hapa chuoni Tirunelveli, mwaka wa kumi na tisa sasa, na ufunguo wa maabara hiyo sijawahi kuushika. Kila asubuhi nasimama mlangoni namngoja amalize kula idli zake nyumbani.

Ushirikiano wenyewe si wa watu, Mungu apishe mbali. Ni wa visanduku vya redio. Mawimbi yana ukigeugeu: hapa yanasikika, hatua mbili mbele yamefifia, kisa ukuta, kabati la chuma, au mtu kapita na kahawa yake. Basi kisanduku kimoja kikituma, majirani waliosikia huurudia ujumbe, na usiofika kwa njia hii hufika kwa ile. Sharti ni moja, na limo katika makala zote thelathini na moja: majirani wakae wametengana. Wakibanana, watafifia pamoja.

Visanduku vya kurudia vilikuwa vitatu. Kimoja kilikaa maabara, kimoja maktaba, na kimoja, kwa shingo upande, dirishani kwa Dk. Poongothai, ng'ambo ya korido. Huyu aliwahi kuwa mwanafunzi wake, na sasa wote wawili walikuwa wanautaka uprofesa mmoja. Kwa Ilangovan ilikuwa mara ya tatu na ya mwisho, maana Mei anastaafu. Kamati ingekuja Jumatatu kuona mitambo yake ikifanya kazi.

Ijumaa ikawa Ayudha Puja, siku ya kupumzisha vifaa na kuviombea baraka. Poongothai akakifuta kile kisanduku pamoja na mashine zake, akakipaka rojo la msandali. Ilangovan akakiona kupitia mlango.

"Arulmani, nenda kakitoe," akaniamuru.

"Si kimeshapambwa, Daktari?"

"Kifaa changu kiombewe na mtu mwingine? Na cha maktaba ukilete. Vyote vitaombewa kwangu."

Vikapangwa juu ya kabati la chuma, bega kwa bega, na maua shingoni kama maharusi watatu. Jumatatu asubuhi bado vilikuwa pale pale.

"Daktari, nivirudishe?"

"Kwa yule? Ili atangaze kwamba bila dirisha lake mimi si kitu? Viache."

"Lakini makala zako zinasema..."

"We makala zangu umezisomea wapi?"

"Nimezichapa mimi, Daktari."

Mganga hajigangi. Wazee watatu wa kamati wakaketi chumba cha mkutano, mwisho wa korido, wakitazama skrini. Kule kantini kamera, iliyorusha picha kupitia visanduku vile, ilikuwa inamwonyesha mpishi akikaanga vadai, yale maandazi ya dengu. Mara mpishi akaganda, mwiko hewani. Tukajaribu tena, akaganda tena. Ilangovan alilowa jasho hadi kola, na mimi, kusema kweli, nilimhurumia kwa dakika nzima.

Poongothai alikuwa amesimama mlangoni. Aliingia maabara, akachukua kisanduku kimoja na maua yake, akakirudisha dirishani kwake. Mpishi akashusha mwiko. Vadai zikageuzwa, hata mafuta yalionekana yakiruka.

"Safi sana, Daktari," akasema mwenyekiti, na kalamu yake ikaanza kuandika.

Nyamaza, nilimwomba moyoni. Mara hii moja tu, nyamaza uwe profesa.

Ilangovan akatoka. Aliporudi alikuwa amekikumbatia kisanduku kifuani, maua yakipukutika sakafuni.

"Hiki ni changu," akasema. "Mfumo wangu hauhitaji dirisha la mtu."

Nyuma yake mpishi aliganda, na safari hii hakuna aliyemshughulikia. Mwenyekiti aliitazama skrini, akamtazama Poongothai aliyerudi mlangoni, kisha akafungua makala iliyokuwa juu ya rundo mbele yake.

"'Kituo kinachokataa msaada wa jirani,'" akasoma polepole, "'kiondolewe kwenye mtandao.' Haya ni maneno yako, Daktari?"

Ilangovan alinyoosha mgongo.

"Yangu," akajibu. "Niliandika peke yangu."