Meza ya Mume Wangu Sumbawanga

Kwa miezi saba mume wangu hakula na mtu mezani. Koo lake lilisinyaa kwa ndani, chakula kikawa hakipiti. Tulilijua hilo kwenye harusi ya mpwa wangu hapa Mtowisa, pande la nyama lilipomkwama mbele ya wageni wote. Macho yalimtoka, watu wakampiga mgongoni mpaka likatoka. Alipona siku ile, lakini aibu ikamkaa. Akawa anakunywa uji na supu chumbani, mlango ameufunga.

Tulikwenda hospitali Mbeya mara nne, wakawa wanamtanua koo kidogo kidogo. Mara ya mwisho daktari alimwambia, "Mzee Festo, njia iko wazi. Anza na vyakula laini, tafuna vizuri, ule." Tukarudi nyumbani. Akaendelea na uji wake.

Mimi nilikuwa nimemwahidi akiwa bado kitandani kwamba akipona tutakwenda Sumbawanga kama watu wenye nafasi zao: hoteli nzuri, siku tatu, na chakula cha mahali palipotandikwa vitambaa vyeupe. Kusema kweli niliahidi ili nisilie. Binti yetu Neema, anayefanya kazi Dodoma, aliposikia hakutaka nirudi nyuma. Akatuwekea chumba, akanitumia kwenye simu picha za mikahawa mitatu inayosifiwa mjini.

"Mama, uchague wewe," akaniambia. "Baba ukimuuliza atasema hana njaa."

Ijumaa alfajiri tuliondoka kwa gari la jirani yetu Masanja, mfugaji ambaye wazazi wake walihamia bondeni na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Alikuwa anakwenda mjini kununua dawa za mifugo. Mpaka Muze joto lilikuwa lile lile la kwetu, vioo vyote tumeshusha, mashamba ya mpunga yamebaki vishina. Baada ya hapo barabara ikaanza kupanda mlima. Gari liliguna kona baada ya kona, na kila tulipogeuka Ziwa Rukwa lilionekana chini, jeupe kama bati jipya. Tulipofika juu Masanja alipandisha vioo. Upepo wa Ufipa ulikuwa umeshatufikia mifupani, tukavaa masweta.

"Mzee, huko mjini mnakwenda kwenye sherehe?" Masanja aliuliza.

"Muulize mama yako huyo," mume wangu akajibu. "Mimi nimebebwa tu."

Saa tano asubuhi tulikuwa hotelini. Shuka zilikuwa nyeupe, maji ya moto yanatoka ukutani. Baba Neema alioga, akakaa kidogo, akaoga tena. Kisha akajilaza chini ya blanketi mbili, akasinzia. Hapo nikatoka peke yangu kwenda kuchagua.

Mkahawa wa kwanza ulikuwa mkubwa, wenye viti vya ngozi na vioo kila ukuta. Kwenye picha ulikuwa umenivutia kuliko yote. Nilimwendea kijana wa mapokezi, nikamweleza kuwa mume wangu ametoka kuugua koo, anahitaji chakula laini na muda wa kula polepole. Je, wanaweza?

"Mama, hapa kila kitu kipo," akasema, macho kwenye runinga. Mpira ulikuwa unaendelea, na muziki juu yake. Nikashukuru, nikatoka.

Wa pili ulikuwa na menyu nene kama kitabu cha nyimbo, kila chakula na picha yake. Dada aliyenipokea alikuwa na adabu, alinivutia kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Lakini mama, kama bado anaumwa, si mngepelekewa tu chakula chumbani? Wateja wengine, unajua tena."

Nilitoka, nikatembea mpaka mtaa wa Katandala bila kujua ninakwenda wapi, nikasimama kwenye duka moja nikanunua maji ambayo sikuyataka. Hasira ilikuwa kwangu mwenyewe pia. Nilianza kujiuliza kama nilimleta mume wangu huku kwa ajili yake, au kwa sababu nilichoka kula peke yangu.

Bodaboda ikanipeleka kwenye mkahawa wa tatu. Kwa nje ni nyumba ya kawaida yenye bustani. Ndani kulikuwa na meza nane, vitambaa vimepigwa pasi, glasi zinang'aa, na utulivu. Nilipoanza kueleza, mhudumu aliniomba nisubiri, akaenda kumwita mpishi. Akatoka mama wa makamo anajifuta mikono. Jina lake Skolastika. Alikaa kwenye kiti mbele yangu.

"Anaogopa nini zaidi?" akaniuliza. "Kukwama, au kuonekana?"

Miezi saba yote hakuna aliyeniuliza hivyo, wala mimi sikuwahi kumuuliza mwenye koo lake.

"Kuonekana," nikasema, na machozi yakanitoka.

"Basi mlete kesho saa saba. Nitawapa meza ya pembeni, ila si ya kujificha. Zamani alikuwa anapenda nini?"

"Ugali wa ulezi. Na kuhe, samaki wa Ziwa Tanganyika."

"Kuhe nitamtoa miba yote kwa mkono wangu. Ugali nitausonga mlaini. Wewe kazi yako ni kumfikisha."

Jumamosi, saa sita na nusu, kumfikisha kukawa ndiyo kazi. Alikuwa amevaa koti, amekaa kitandani, hanyanyuki.

"Mama Neema, nenda ule. Uniletee supu."

"Supu hata nyumbani ipo. Nimekuja kula na mume wangu."

"Nikikwama je? Mbele ya watu wa mjini?"

"Ukikwama nipo. Na hospitali iko karibu kuliko kule Mtowisa."

Akacheka kicheko kile cha puani. "Yaani umepanga mpaka hospitali." Akanyanyuka.

Mkahawani kulikuwa na meza nne zenye watu: familia moja, na watu wa ofisini wenye mashati mazuri. Tulianza na supu ya maboga, akaimaliza bila shida maana supu aliizoea. Kisha mhudumu akaleta kuhe kwenye rojo la nyanya na ugali wa ulezi, mwekundu, unatoa mvuke. Mama Skolastika akasimama kwenye mlango wa jikoni.

Tonge la kwanza alilitafuna mpaka nikadhani atalitafuna hadi jioni. Likapita. La pili likapita. La tatu akalimeza, akasimamisha mkono hewani, akashika koo. Nilishainuka nusu kwenye kiti.

"Kaa, mama," Skolastika akasema taratibu. "Mpe nafasi."

Nikakaa. Mume wangu akanywa maji. Akafumba macho, akafumbua. Kwenye meza zile nyingine hakuna aliyegeuka.

"La moto," akasema. "Ugali wa moto huu." Akakata tonge lingine, akalipuliza.

Sikumbuki mimi nilikula nini siku ile. Nakumbuka alifuta sahani, akamwita mhudumu na kuuliza kama kuna samaki mwingine. Skolastika akarudi jikoni, na tukamsikia akicheka huko ndani.

Jumapili baada ya misa tulikunywa chai kwenye ukumbi wa hoteli, katikati ya wageni. Sikumwambia aende wapi. Alichukua mayai na mkate wake, akakaa na bwana mmoja mnunuzi wa mahindi, na nilipomfuata walikuwa tayari wanabishana kuhusu mvua. Mkate aliuchovya kwenye chai, akautafuna huku anaongea.

Mtu akiniuliza sasa namna ya kuchagua mahali pazuri pa kula mjini, namwambia picha zimwoneshe njia tu. Akifika, aeleze shida yake waziwazi, halafu aangalie anayejibu anatazama wapi. Mimi pia nimejifunza kuuliza kabla ya kuhangaika. Ningemuuliza Baba Neema anaogopa nini, huenda mlango wa chumba ungefunguka mapema.

Mchana Masanja alitupitia kama tulivyoagana, tukaanza kurudi. Pale Ntendo mume wangu alinunua ndizi mbivu, akawa anamenya na kula, anamsimulia Masanja habari za kuhe. Tulipofika Muze akanigusa bega.

"Mama Neema, umekoroma mlima mzima."

Mimi niliyekuwa naogopa kila tonge lake, nilikuwa nimelala yeye akiwa anakula, wala sikujua hata ndizi ziliisha lini.